Jumamosi nilicheza harusini, Jumatatu wakaniambia naigiza ugonjwa

#1 Binti wa Bombo (Malaba)

Habari zenu wana jukwaa. Mimi huwa nasoma tu humu, siandiki. Leo naandika kwa sababu jambo hili limenikaa kooni wiki ya tatu sasa.

Nina selimundu, ile ambayo Waganda wanaiita nalubiri na wengi wetu tunasema tu sikoseli. Nina miaka 31. Nimezaliwa Bombo, nimelelewa na bibi, na huu ni mwaka wa nne nafanya kazi Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, kwenye ofisi ya uwakala wa forodha. Dereva akishuka na stakabadhi zake, mimi ndiye ninayeziingiza kwenye kompyuta na kufuatilia mpaka mzigo uachiliwe. Naipenda kazi hii. Madereva wananijua kwa jina, kuna mmoja kila akitoka Mombasa ananiletea tende.

Kwa asiyejua: chembe nyekundu za damu za mtu asiye na ugonjwa huu ni za mviringo, laini, na zinaishi siku 120 hivi. Zangu zikipungukiwa oksijeni zinajikunja kama mundu, zinakuwa ngumu, na zinakufa baada ya siku kumi mpaka ishirini. Zikisongamana kwenye mshipa mdogo damu haipiti, na hapo mfupa unaanza kuuma kwa namna ambayo sijawahi kupata maneno yake katika lugha yoyote ninayoijua. Sisi tunaita kraisisi. Baridi inaileta, kiu inaileta, malaria, uchovu, hata kulia msibani. Siku nyingine haina sababu, unaamka tu imeshafika.

Jumamosi ile mdogo wangu aliolewa. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni akiwa mtoto, kwa hiyo niliapa lazima niwepo na niwepo mzima. Siku tatu kabla nililala mapema. Nilikunywa maji mpaka nikachoka kwenda chooni. Nilibeba sweta mbili. Na siku yenyewe nikacheza, nyimbo nne tu, nikakaa. Shangazi akanipiga picha nimeinua mikono, nacheka. Nikaiweka WhatsApp.

Usiku mvua ikanyesha, turubai likavuja. Jumapili nikarudi Malaba kwa taksi, kiti cha dirishani, kioo hakifungi, upepo wa mvua bega zima safari nzima. Jumatatu saa kumi alfajiri mapaja na mgongo vikaanza.

Nikamtumia bosi ujumbe kwamba nimeugua, naenda hospitali. Akanijibu kwa kunitumia picha yangu mwenyewe. Ile ya mikono juu. Chini yake ameandika: "Huyu ndiye mgonjwa?"

Nilimwonyesha mwenye boda boda simu ile sijui kwa nini. Labda nilitaka mtu mmoja aione.

Hospitalini (sitaitaja) nikakaa kwenye benchi tangu saa kumi na mbili. Nilikuwa na simu mkononi, nachezea ule mchezo wa kupanga rangi. Nesi akapita akasema, "Wewe tena." Akamwambia mwenzake, na mimi nasikia, kwamba huyu amezoea sindano, mtu mwenye maumivu ya kweli hawezi kuchezea simu.

Jamani. Sisi tuliozaliwa nayo hatulii kama mtu aliyevunjika mguu leo. Tulilia utotoni, tukaona kilio kinamaliza maji mwilini na hakimleti mtu. Tukajifunza kuweka macho mahali pamoja na kuhesabu. Ule mchezo wa rangi ndio kamba yangu. Nikiuachia nazama.

Mama mmoja aliyekuwa na mgonjwa wake jirani akaniinamia akasema polepole, "Lia, mwanangu. Lia ndipo watakuja." Nikalia. Nikapiga kelele, nikajitupa sakafuni. Kabla ya robo saa nikawa nimewekewa dripu na nimechomwa sindano.

Hilo ndilo linaloniamsha usiku. Maumivu yalikuwa ya kweli, kilio nilikitengeneza, na wao wakaamini kilio.

Nilirudi kazini siku ya sita. Hakuna aliyenigombeza. Nilikuta malori yangu ya Mombasa amepewa kijana mwingine, nikaambiwa ni kunipunguzia mzigo, "kwa faida yako." Nikisimama naambiwa sina ugonjwa, nikianguka naambiwa sina uwezo wa kazi. Naomba wenye maradhi ya namna hii, ya kuja na kuondoka, mniambie. Mnaonyesha au mnaficha? Mnawaambia watu nini?

#2 Mama Mdumu (Arua)

Pole sana dada yangu. Nimesoma huku nalia, na mume wangu ananiuliza kuna nini.

Mwanangu ana selimundu, ana miaka kumi. Mwaka juzi tulimpeleka shule ya bweni, tuliambiwa ina muuguzi na tukaamini. Sikujua kwamba figo za hawa watoto hazishiki maji vizuri, mkojo unakuwa mwingi na mwepesi, usiku unawashinda. Mwanangu akawa anakojoa kitandani. Mlezi wa bweni akawa anamtolea godoro nje kila asubuhi, linaanikwa penye njia ya kwenda darasani, watoto wote wanapita.

Mtoto akapata akili ya kitoto: nisipokunywa maji sitakojoa. Akaacha kunywa maji. Na darasani mwalimu alikuwa hamruhusu kutoka zaidi ya mara moja, anasema ni mtundu, basi hata mchana akaacha. Ndani ya muhula mmoja alilazwa mara tatu. Mimi nasafiri na basi usiku, nafika namkuta midomo imekauka kama udongo wa kiangazi, na hakuna mtu aliyeunganisha mambo hayo mawili. Aliyeniambia ni yeye mwenyewe, kwa kuninong'oneza, ananiomba nisimwambie baba.

Alikuwa na miaka minane.

Nilimtoa bweni, sasa anasoma shule ya kutwa hapa karibu. Wiki ya kwanza nilienda darasani kwao na chupa ya soda iliyokatwa kitako na mrija mpana mdomoni, choroko, na vipande vya majani makavu niliyoyakata vikajikunja. Nikawaambia watoto choroko ni damu yenu, mimina, zikapita zote. Nikachanganya na majani, zikakwama. Dakika tano. Watoto wa darasa la nne walielewa jambo ambalo mtu mzima mwenye cheti cha ualimu alikuwa amelikataa muhula mzima. Siku hizi wanashindana nani ambebee mdumu wake wa maji.

Kwa hiyo mimi kwa upande wangu nasema onyesha. Lakini najua mtoto anahurumiwa, mtu mzima anashukiwa.

#3 Mwenye Duka Kikuubo (Kampala)

Poleni nyote. Mtaniwia radhi, nitasema la upande wa pili kwa sababu nadhani linafaa kusikika.

Nina watu sita dukani. Bidhaa za jumla, wateja wanakuja kutoka mpaka Sudan Kusini, ukikosa mtu mmoja saa mbili asubuhi mteja anahamia duka la jirani na harudi. Niliwahi kuwa na kijana mwenye tatizo, hakuniambia ni tatizo gani. Leo yupo, kesho hayupo, keshokutwa yupo anacheka. Mimi nilidhani pombe. Nilimwachisha. Baadaye sana ndipo nikasikia alikuwa na ugonjwa wa damu, na sikujua nimtafute wapi.

Bosi wako alikosea kutuma ile picha, hilo sina shaka. Lakini na sisi tuambieni. Mtu aseme siku ya kwanza, nijue najipangaje. Siwezi kumwamini mtu kwa jambo ambalo hajanieleza.

#4 Binti wa Bombo (Malaba)

Mzee wangu wa Kikuubo, asante kwa kusema bila kuzunguka. Nikujibu na mimi hivyo hivyo.

Nilisema siku ya kwanza. Si hapa, ni Kampala, kazi niliyoitafuta kabla ya hii. Nilikuwa nimefaulu mtihani wa kompyuta, tumefika hadi kuzungumza mshahara. Nikasema nina selimundu, mara mojamoja nalazwa. Yule bwana alifunga faili taratibu, akaniambia nitapigiwa. Nilikaa na simu ile miezi miwili, naogopa hata kuizima usiku.

Kwa hiyo Malaba nilinyamaza. Mwaka mzima nilikuwa nikiumwa nasema malaria. Fikiria mtu anaomba Mungu aaminike kuwa ana malaria. Nilikuja kumwambia bosi baada ya kuanguka ofisini mbele yake, na wakati ule alinihurumia kwelikweli, alinipeleka kwa gari lake. Si mtu mbaya. Ndiyo maana ile picha iliniumiza kuliko kama ingetoka kwa adui.

Na kuhusu kujipanga: mwaka jana nilikosa siku 14. Nimeziandika kwenye daftari, kila siku na sababu yake. Katika siku hizo 14, tisa ni msimu wa mvua. Hakuna aliyewahi kuniuliza, lakini angeuliza ningemwonyesha.

#5 Nesi wa Zamu (Mbale)

Nimesoma mara mbili kabla ya kuandika.

Dada, mimi ni muuguzi, na hayo maneno "amezoea sindano" nimewahi kuyasema. Kwa mgonjwa mwenye selimundu, kijana wa kiume, alikuja mara tatu mwezi mmoja. Zamu ya usiku, tuko wawili wodi nzima, nimechoka, na yeye amelala kimya anaangalia dari. Nikapima presha, iko sawa. Mapigo, sawa. Nikasema huyu hana kitu. Asubuhi daktari alipomsikiliza kifua akakuta mapafu yameshaingiliwa. Alipona, alhamdulillahi, si kwa sababu yangu. Sijawahi kumwomba radhi kwa sababu sijamwona tena, labda akaamua kwenda hospitali nyingine.

Kwa hiyo nasema mambo haya mbele ya wote. Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha maumivu. Hakuna. Hata presha na mapigo ya moyo vinaweza kuwa vya kawaida na mtu yuko motoni. Kipimo ni mgonjwa mwenyewe kusema, na mtu aliyeishi na ugonjwa miaka 31 anajua mwili wake kuliko mimi niliyemsoma kwenye kitabu.

Na dawa ya maumivu si zawadi ya kumpa anayelia vizuri. Hapa Uganda tuna morfini ya maji ya kunywa. Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 kwa kazi hiyo hiyo ya kuondoa maumivu, na tangu 2004 wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa, yaani ya kutuliza maumivu, wanaruhusiwa kisheria kuiandika wenyewe. Nchi nyingi hazina ruhusa hiyo. Njia ipo, halafu mtu anafika mlangoni anakutana na mimi, na mimi namwangalia simu yake.

Jambo la vitendo. Mwombe daktari wa kliniki yako ya selimundu akuandikie karatasi moja: aina ya ugonjwa, dawa unazotumia, dozi inayokusaidia ukiwa na kraisisi, na sahihi yake. Itembeze kwenye mkoba. Usiku, kwa nesi asiyekujua, karatasi ile inasema kabla yako. Najua si haki kwamba unaihitaji.

Na kwa wote wenye selimundu mnaosoma: homa si ya kusubiri asubuhi. Bandama zenu nyingi hazifanyi kazi tena, kijidudu kinachomlaza mwingine siku mbili kinaweza kuwaondoa ninyi. Kifua kikibana au pumzi ikiwa fupi, ondoka saa hiyo hiyo.

#6 Afande Mstaafu

Binti yangu wa Bombo, nakusalimu.

Sikuwa na nia ya kuandika. Mimi nilikuwa mwanajeshi, tumekaa kambi nyingi, watoto wangu wamezaliwa huko. Tulizika wawili kabla hawajafika miaka mitano. Macho ya manjano, mikono na miguu kuvimba, homa. Ukoo wangu ukasema ni mkono wa mtu, halafu ukasema ni mke wangu, kwao kuna jambo. Nami nilikuwa kijana, nikakubali. Nilimlaumu miaka kumi na moja. Si kwa maneno kila siku, lakini alijua.

Mtoto wa tano alipougua, daktari mmoja wa kambi akatupima sote. Mimi nina chembe moja ya urithi ya ugonjwa huu, ile isiyomuuguza mwenye nayo, na mke wangu anayo. Kila mimba, robo ya uwezekano mtoto anapata kutoka kwetu wote wawili. Kwangu mimi sawasawa na kwake.

Yule wa tano yupo hai, ana watoto wake, ni fundi wa magari. Mke wangu alitangulia mbele ya haki. Nilimwomba msamaha akiwa hai, akanipa. Lakini ile miaka kumi na moja haikurudi.

Nimeandika ili kijana mwenye mke asome.

#7 Kijana wa Walukuba (Jinja)

Shikamoo mzee. Mungu akupe nguvu.

Mimi nina selimundu, miaka 27, fundi simu. Nitasema ya upande wa ndoa, maana dada ameyagusa ya kazi.

Nilikuwa na mchumba, tumefika hatua ya kupanga kwanjula, ile sherehe ya kutambulishwa kwao. Tulienda kupima wote wawili kwa hiari yetu. Yeye hana chembe hata moja. Maana yake, kwa mwenye kujua hesabu hii, watoto wetu wote wangebeba chembe moja tu kutoka kwangu, na hakuna hata mmoja ambaye angeumwa. Hata mmoja. Tulipeleka majibu nyumbani kwao, nimevaa kanzu na koti, nadhani naleta habari njema. Shangazi yake alisoma, akakunja karatasi, akasema, "Mtoto wetu hatutampa mtu wa kumzika."

Hapo ndipo nilielewa kwamba tatizo halikuwa watoto. Tatizo lilikuwa mimi.

Na kuna jambo lingine naogopa kulisema kwa sababu watu watadhani sina shukrani. Mwaka 2017 mpaka 2019 mbio za siku ya kuzaliwa ya Kabaka, mfalme wa Buganda, zilikuwa kwa ajili ya selimundu. Mimi nilinunua fulana, nikasafiri Kampala, nikatembea mwendo mfupi kwa sababu kukimbia siwezi. Nilifurahi sana kuona maelfu ya watu wamevaa fulana kwa ajili ya ugonjwa ambao kijijini kwetu unatajwa kwa kunong'ona. Kabaka alifanya jambo kubwa. Lakini njiani mtu mmoja nyuma yangu alikuwa anamweleza rafiki yake: watu wakipima, hawa wataisha, nchi itapumua. Alisema kwa moyo mwema kabisa. Hakujua mmoja wa "hawa" yuko mbele yake hatua mbili.

Nilitembea nikamaliza. Sikugeuka.

Tangu siku hiyo kila nikisikia tangazo la redio la kupima kabla ya ndoa nasikia mambo mawili. Nasikia linalosemwa, na ni kweli. Halafu nasikia kwamba mimi ni kosa ambalo lingeweza kuzuiwa.

#8 Mwalimu wa Bayolojia (Tororo)

Kijana, nakuheshimu na nimeguswa, lakini naomba tusirudi nyuma kwenye kupima. Mimi nafundisha vijana wa sekondari. Utafiti mkubwa uliofanywa nchini kwa damu ya watoto wachanga karibu laki moja, ukachapishwa 2016, ulikuta asilimia 13.3 wana chembe moja. Chukua taksi ya abiria 14, karibu wawili wanayo na hawajui. Upande wenu wa Jinja, na kaskazini kule Gulu na Lira, ni zaidi. Na sababu yake ni malaria: mwenye chembe moja hapati malaria kali kirahisi, ndiyo maana chembe hii ilibaki kwetu na haikufutika. Si laana, si ukoo mchafu. Tukiacha kuwahimiza vijana kupima, yale ya Mzee Afande yataendelea.

#9 Kijana wa Walukuba (Jinja)

Mwalimu, wala hatugombani. Mimi mwenyewe wateja wangu nawaambia wakapime. Ninachoomba ni namna ya kusema. Darasani kwako, katika wanafunzi hamsini, huenda yupo mmoja mwenye selimundu amekaa nyuma. Ukimaliza kufundisha robo na nusu, mtazame na yeye. Mwambie na yeye ana maisha. Hukuniambia wewe, ila mwalimu wangu wa bayolojia aliandika ubaoni "wagonjwa hufa wakiwa wadogo," akaendelea na somo. Nilikuwa na miaka 15. Nikaenda nyumbani nikamwambia mama asinilipie tena ada, nisimpotezee pesa.

#10 Mwalimu wa Bayolojia (Tororo)

Nimekuelewa. Naandika hivi saa hii kwenye maandalio yangu ya somo. Asante.

#11 Sindano Mbili (Kasese)

Mimi si selimundu, ni kisukari cha utotoni, nimekuwa nacho tangu darasa la sita. Dada umeuliza tunaonyesha au tunaficha. Mimi nilikuwa najichoma insulini chooni sokoni, chooni kunanuka, mikono inatetemeka, kwa sababu siku moja nilijichoma ndani ya taksi na konda akanishusha akisema natumia madawa ya kulevya. Abiria hakuna aliyesema kitu. Sasa najichoma hadharani. Mtu akitazama namwambia "ni insulini, mzee," namalizia. Wengine wananipa pole, wengine wanahama kiti. Bado naona aibu, lakini angalau sindano yangu ni safi.

Kitu kimoja kinachonichosha kuliko ugonjwa ni madaktari wa barabarani. Kila mtu ana mizizi. Kila mtu ana mchungaji. Ukikataa, unaambiwa unapenda ugonjwa wako.

#12 Mama Mdumu (Arua)

Eeeh, hilo la kupenda ugonjwa! Mama mkwe aliniambia nimemfanya mtoto kitega uchumi cha huruma, eti kwa sababu nilikataa kumpeleka kwenye maombi ya siku tatu ya kufunga. Kufunga! Mtoto wa selimundu akae siku tatu bila maji. Naamini maombi, naomba kila usiku, lakini mdumu haukauki.

Na nyie wenye watoto wadogo ulizeni kliniki kuhusu haidroksiyurea, dawa ya kumeza inayopunguza kraisisi. Wengine walikuwa wanaogopa kwamba italeta malaria zaidi. Utafiti uliofanywa pale Hospitali ya Mulago, Kampala, kwa watoto 207, uliochapishwa 2017, haukuona malaria ikiongezeka. Mwanangu ameanza, na tangu aanze amelazwa mara moja tu.

#13 Mwenye Duka Kikuubo (Kampala)

Nimesoma yote. Nina swali kwa binti: hilo daftari la siku 14, ungenionyesha mimi kama mwajiri wako, ungetaka nifanye nini nalo? Nauliza kwa nia njema. Na sheria inasemaje?

#14 Nesi wa Zamu (Mbale)

La sheria nijibu mimi, maana nilipougua mwenyewe nililazimika kuisoma. Sheria ya Ajira ya 2006: mfanyakazi aliyemaliza angalau mwezi kazini, akiugua, mwezi wa kwanza wa kutokuwepo analipwa mshahara kamili. Mwajiri ana haki ya kupewa taarifa mapema na kuomba cheti cha daktari. Cheti, mzee wangu. Si picha ya harusi.

Lakini ukiisoma unaona waliiandika wakimfikiria mtu anayeugua mara moja, analala, anapona au haponi. Mtu wa siku mbili leo na siku tatu mwezi ujao inabidi akae na mwajiri waelewane.

#15 Binti wa Bombo (Malaba)

Nimerudi. Samahanini kwa ukimya, nilikuwa nasoma kila jibu na kuzima simu.

Mzee Afande, nimemsomea bibi maneno yako kwa simu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema nikusalimie, na kwamba yeye pia walimsema kwa ajili yangu.

Mzee wa Kikuubo, swali lako lilinifanya nikae chini. Nikaandika nusu ukurasa. Nataka nini? Nataka kiti changu kihamishwe, kwa sababu kiyoyozi kinanipuliza mgongoni kutwa nzima na nilikuwa naona aibu kusema. Nataka chupa ya maji mezani na niende chooni bila kuhesabiwa. Nataka msimu wa mvua awepo mtu anayejua mafaili yangu yalipo, na mimi nijue yake, ili nikilala kazi isilale. Nataka nikituma ujumbe kwamba naumwa niulizwe niko hospitali gani. Na malori yangu.

Jana jioni nilimpelekea bosi nusu ukurasa ule pamoja na daftari. Mikono ilikuwa inatetemeka. Alisoma daftari lote, karatasi kwa karatasi, akafika kwenye ile Jumatatu. Nilikuwa nimeandika: "Maumivu mapaja na mgongo. Nimeonyeshwa picha." Hakuelewa, akaniuliza picha gani. Nikamkumbusha. Alitazama chini.

Hakuomba radhi, nisiwadanganye. Alisema alikuwa na malori kumi na moja yamekwama siku ile na alichanganyikiwa. Kiti kimehamishwa asubuhi hii. Malori ya Mombasa bado yako kwa yule kijana, amesema tutazungumza mwisho wa mwezi. Na amesema niwaeleze wenzangu wote Jumatatu, kabla ya kufungua, ana dakika kumi.

Alhamisi naenda kliniki kuomba ile karatasi, Nesi, nimeandika mambo yote uliyosema nisisahau.

Mama Mdumu, ile chupa na choroko, nieleze vizuri. Mrija uwe na upana gani? Na majani uliyakata vipi? Mimi nina maharage nyumbani, yatafaa?

#16 Mama Mdumu (Arua)

Maharage hapana dada, ni makubwa, yatakwama yenyewe hata bila majani na watu watasema damu zote ni sawa. Tumia choroko, kavu, uzipepete kwanza. Mrija chukua ule mnene wa kunywea maziwa ya mgando, uufunge kwa utepe kwenye mdomo wa chupa usivuje pembeni. Majani nilikata ya mkeka uliochakaa, urefu wa kucha, nikayaanika juani yakajikunja yenyewe. Weka machache tu, kama kijiko kimoja, usijaze. Na jaribu nyumbani Jumapili mara mbili tatu, maana mara ya kwanza mimi yalipita yote nikaaibika mbele ya mume wangu. Ukishaweza, weka beseni chini, ofisi isije ikajaa choroko.

Nipigie video kama mrija ukikusumbua. Niko macho mpaka saa nne.